Kitabu cha HTML Alichokielewa Mzee Rajabu

Wanangu, mnanichekesha. Kila baada ya siku chache anakuja mmoja wenu hapa kwangu Endagikot, anavua viatu mlangoni, shikamoo mwalimu, marahaba, karibu, na kabla chai haijamiminwa ameshatoa simu. "Mwalimu, nataka kujifunza kutengeneza tovuti. Nianze na kitabu gani cha HTML?" Nikimuuliza yeye mwenyewe amefikiria kipi, ananionyesha picha ya kitabu kinene, cha kuwekea mlango usifungwe na upepo. Mh! Mwanangu, unataka kujifunza au unataka kujenga msingi wa nyumba?

Nimechoka kurudia maneno yaleyale, kwa hiyo leo nayaandika. Asiyetaka kusoma, asije kunywa chai yangu.

Mimi nimestaafu. Nilifundisha miaka mingi kwenye chuo kidogo cha ufundi pale Katesh, nikianzia kwenye mashine za kupiga chapa, zile za kelele kama mvua ya mawe juu ya bati, nikamalizia kwenye kompyuta. Na kwa ambaye hajui tunazungumzia nini: HTML ndiyo lugha ya alama inayotumika kuandika kurasa za tovuti. Unaandika maneno yako ya kawaida, halafu unayazungushia alama zinazoiambia kompyuta kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hapa weka picha. Basi. Hakuna uchawi wala hesabu ngumu. Mtu anayejua kusoma, na mwenye subira ya kupalilia vitunguu saumu, anaiweza kabisa.

Aliyenifundisha kuchagua kitabu hakuwahi kugusa kompyuta. Ni Mama Agripina, mwalimu wangu wa kupiga chapa, Mungu amrehemu. Siku ya kwanza tulikaa tukisubiri atusimulie mashine ilitoka wapi na nani aliitengeneza. Yeye akapita nyuma yetu na rula. "Vidole hapa. Piga." Tukapiga! Mistari ikapanda na kushuka kama barabara ya Nambis, karatasi zikatoboka, lakini tulipotoka kila mmoja alikuwa na karatasi yenye jina lake. Yangu bibi aliibandika ukutani kwa ugali, ikakaa pale mpaka panya walipoila pamoja na gundi yake.

Kitabu alichotumia Mama Agripina kilikuwa chembamba, na kila ukurasa ulikuwa na kazi ya kufanya. Alisema kitabu cha kuanzia kinapimwa kwa kitu kimoja: mtu amefanya nini kabla hajachoka. Niliyashika maneno hayo, na nilipohamia kwenye kompyuta nikayahamisha nayo.

Sasa niwaambie habari ya Mkuu wetu wa chuo, Bwana Herman. Alikuwa mtu mwema kupita kiasi, mkubwa kwangu kwa umri, anayejua majina ya wanafunzi wote na ya mama zao. Safari moja alikwenda Arusha kwenye mkutano, akarudi na katoni ya vitabu vya HTML. Loo, vitabu vyenyewe! Vinene, vinang'aa, jalada lina picha ya dunia imezungukwa na nyaya. Alivibeba mwenyewe toka stendi, jasho linamtiririka, akavipanga mezani mbele ya darasa.

"Vijana, nimewaletea. Mnakionaje?"

"Kizuri sana, Mkuu!" Darasa zima. Na mimi nikiwemo, tena nadhani sauti yangu ndiyo iliyovuma zaidi.

Mnajua kwetu kulivyo. Mkubwa akikupa kitu, husemi ni kibaya. Akikupa kiti kilichovunjika mguu, unakalia upande ule mzima na unashukuru. Basi Mkuu akafurahi, akatangaza kwamba tangu siku ile hicho ndicho kitabu cha darasa, vingine vyote viende kabatini. Kila alipopita dirishani akiuliza, "Kitabu kinawafaa?", aliitikiwa, "Kinatufaa, Mkuu!" Jinsi alivyozidi kuuliza ndivyo tulivyozidi kukisifu. Ulipofika mtihani wa vitendo, nusu ya darasa walikaa mbele ya kioo cheupe wakikitazama kama wanaosubiri basi.

Miongoni mwao alikuwemo binti mmoja wa Getanuwas, Paskalina. Mrefu, mpole, mwandiko wake mzuri ungedhani umechapwa. Alianguka mtihani ule. Kanuni ya chuo ilikuwa kwamba unarudia mara moja tu. Ukianguka tena, unafunga virago.

Nilimkuta siku moja ya mnada amebaki peke yake chumba cha kompyuta, wenzake wote wameshukia sokoni kula nyama. Nikamuuliza kulikoni. Akasema baba yake atakuwa kule mnadani, na hana uso wa kumtazama. Pole pole akanieleza. Baba yake, mfugaji mwenye maneno machache, alikuwa amekubali arudie mtihani. Lakini akishindwa tena atarudi nyumbani, na mdogo wake Anna, ambaye amemaliza kidato cha nne na anasubiri, asahau habari za chuo. Mzee alisema hivi: "Kama mkubwa ameshindwa, mdogo nimpeleke akafanye nini?"

"Mimi kurudi nyumbani si neno, mwalimu," Paskalina akasema. "Lakini Anna ana akili kuliko mimi. Nitamtazamaje?"

"Na kitabu je? Kinakwendaje?"

"Kizuri, mwalimu."

"Umekielewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Wee! Nikakichukua kitabu chenyewe. Alikuwa amekivika gamba la kalenda ya zamani, kwa upendo kabisa. Nikakifungua. Kurasa za mwanzo zilikuwa nyeusi kwa vidole, laini kama noti ya kijijini, zimesomwa na kusomwa tena. Baada ya hapo, nyeupe pee. Na zile kurasa za mwanzo zilikuwa na nini? Historia ya intaneti, halafu kamati zilizokaa kupanga intaneti, halafu maelezo ya namna kompyuta za mbali zinavyosalimiana. Hakuna mahali msomaji ameambiwa andika hata herufi moja. Mtoto wa watu alikuwa amekaa nje ya nyumba muhula mzima anapiga hodi, na hakuna aliyemwambia mlango uko upande wa pili. Roho iliniuma, nisiwafiche. Nikatoka nje nikajifanya napiga chafya.

Hapo nasimama kidogo niwape la kwanza. Ukitaka kujua kama kitabu cha maktaba ni kizuri kwa anayeanza, usitazame jalada, tazama uchafu. Kitabu kinachofanya kazi kinachafuka mpaka katikati na kuendelea, kina tone la chai, kina alama za kalamu pale mtu aliposema kumbe! Kitabu kichafu mwanzoni tu, huku ndani bado kinanukia duka, kimewashinda watu.

Sasa tufanyeje? Kumwambia Mkuu kwamba zawadi yake haifai, mimi siwezi, nimekuzwa. Wanafunzi ndiyo kabisa. Nikafikiri ni nani katika mji mzima wa Katesh anayeweza kusema "sijaelewa" mbele ya Bwana Herman bila kuonekana hana adabu. Lazima awe mtu ambaye Mkuu mwenyewe anamwamkia shikamoo. Nikamkumbuka Mzee Rajabu.

Mzee Rajabu alikuwa na duka la vitabu na madaftari karibu na soko. Baba yake alitokea Singida, mama yake Kondoa, yeye mwenyewe kazaliwa Dongobesh, na alikuwa anamtania kila mtu kwa haki ya kabila mojawapo. Alikuwa amenisumbua muda mrefu anataka duka lake liwe na ukurasa, watu wa Mbulu na Dongobesh waone kwenye simu vitabu gani vimefika, wasifunge safari bure. Nikamwendea. "Mzee, ukurasa utaupata, lakini utauandika kwa mkono wako. Binti atakusomea kitabu, wewe ufuate. Usipoelewa, useme."

"Nisipoelewa nisiseme, naogopa nini?" akajibu. "Aliyebaki wa kunichapa ni nani?"

Mkuu nikamwalika aje kushuhudia kitabu kikifanya kazi mtaani. Alifurahi, akavaa na koti.

Tulikwenda mchana, Paskalina amebeba kompyuta ya mkononi ya chuo akiwa ameifunga kwa kitenge, mimi nimebeba vitabu viwili: kile kinene cha Mkuu na kimoja cha zamani kutoka kabatini. Cha tatu, kijitabu chembamba, Mzee Rajabu mwenyewe alikuwa nacho rafuni hakinunuliwi, maana watu walidhani ni cha watoto. Vyote vya Kiingereza, ndivyo vilivyopatikana. Paskalina angesoma na kugeuza kwa Kiswahili papo hapo.

Chai ikaja, na vitumbua. Mzee Rajabu akavuta kompyuta mbele yake, akavaa miwani. "Haya, bismillahi. Soma, binti yangu."

Paskalina akaanza na cha Mkuu. Alisoma mstari, akasimama, akatafuta neno la Kiswahili, akakosa, akaruka. Mzee akainua kidole.

"Sijaelewa."

Akarudia. "Bado sijaelewa. Hapo tumeshaandika nini?"

"Bado, Mzee. Huu ni utangulizi."

Akageuza kurasa. "Na hapo?"

"Hii ni historia, Mzee."

"Historia ya nani? Mimi nataka duka."

Mkuu alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Mimi nikatazama kitumbua changu kwa makini sana. Mzee Rajabu akaendelea, kwa sauti ya upole kabisa, sijaelewa, sijaelewa, mpaka vitumbua vikaanza kupoa, na kwenye kioo cha kompyuta hapakuwa na kitu. Kisha akamgeukia Bwana Herman. "Mwanangu Herman, wewe ni mtu wa shule. Hebu nisaidie. Hapa wanasemaje?"

Bwana Herman akakichukua. Akasoma kimyakimya. Akageuza ukurasa, akarudisha. Kijasho kikamtoka chini ya lile koti. Halafu, jamani, akaangua kicheko! Alicheka mpaka akaondoa miwani. "Mzee, nikuambie ukweli? Na mimi sijawahi kuvuka utangulizi. Nilikinunua kwa sababu kila niliyemuuliza kule Arusha alisema ni kizuri."

"Na wao walikivuka?" Mzee akauliza.

"Sasa naanza kuwa na wasiwasi!"

Paskalina alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Mara ya kwanza namwona anacheka tangu muhula uanze.

Tukaingia cha pili, kile cha kabatini. Hiki kilimfanya Mzee aandike mapema, nakipa haki yake, lakini kilikuwa cha enzi zile watu walipopenda maandishi yatembee kwenye kioo. Jina la duka likaanza kukimbia kutoka kulia kwenda kushoto, likatoweka, likarudi. Mzee akalifuata kwa shingo. "Mbona duka langu linakimbia? Linadaiwa kodi?" Tukalifuta. Alama nyingi za kitabu kile zimeshaachwa siku hizi, na mkinunua vitabu vya mitumba hapo muwe macho: kikikufundisha kuandika rangi na ukubwa wa herufi ndani ya kila neno, kirudishe. Rangi zina lugha yake, utajifunza baadaye.

Kikabaki kijitabu. Paskalina akakifungua, akasoma kwa Kiswahili bila kusimama, kama anayesoma barua ya kwao: "Fungua programu ya kawaida ya kuandikia. Andika haya. Hifadhi kwa jina hili. Sasa fungua." Wanangu, hicho ndicho kipimo nilichokipata siku ile na sijapata kingine bora. Kitabu cha Kiingereza kikifaa kwa anayeanza, unaweza kukisoma kwa Kiswahili kwa sauti, mbele ya mtu mzima, usikwame. Ukikwama kila mstari, si wewe mjinga, kitabu kimeandikiwa mtu mwingine.

Mzee Rajabu akaandika kwa kidole kimoja. Kitabu kilimwonyesha ukurasa mzima tangu alama ya kwanza hadi ya mwisho, hakikumpa vipande na kumwambia vingine atavijua mwenyewe. Hakikuhitaji intaneti, na siku ile intaneti yenyewe ilikuwa imelala. Akahifadhi, akafungua. Loo! Kioo kizima kikajaa maherufi makubwa meusi, jina la duka, madaftari, kalamu, vyote vinapiga kelele.

"Nimeharibu," akasema.

Paskalina akageuza ukurasa mmoja tu, na pale palikuwa na picha ya kosa lile lile, na chini yake maelezo: ukiona hivi, umesahau alama ya kufunga. Hapo ndipo yule binti wa "ndiyo mwalimu" alipovuta kiti karibu. "Mzee, ni kama zizi. Umefungua lango la kichwa cha habari, ukaingiza jina la duka, halafu hukufunga. Sasa kalamu na madaftari yote yameingia humo humo. Funga lango baada ya jina."

"Niweke ule mkwaju, kimstari kilichoinama?"

"Huo huo, Mzee. Kabla ya herufi."

Akafunga. Jina la duka likasimama juu, kubwa, peke yake, na bidhaa zikapanga mstari chini yake kwa adabu. Mzee Rajabu akawaita wateja waliokuwa mlangoni waje kuona. Mteja mmoja aliuliza kama kompyuta inauzwa.

Nilikuwa namtazama Paskalina zaidi ya nilivyotazama kioo. Alikuwa amemfundisha mtu. Uso wake ulikuwa mwingine kabisa. Wakati tunarudi alinishika mkono pale kwenye korongo, akasema polepole, "Mwalimu, kumbe kile kikubwa sikukielewa tangu siku ya kwanza." Nikamwambia hata mimi najua. "Na mwalimu mbona hukusema?" Mh. Nikamwambia atazame njia asije akaanguka na kompyuta ya serikali.

Bwana Herman aliagiza vijitabu kwa darasa zima wiki ile ile. Kile kinene hakikutupwa, maana si kitabu kibaya. Ni cha mtu ambaye ameshaandika kurasa zake kadhaa na sasa anataka kujua kwa nini. Tulikiweka rafu ya juu, na kuna waliokifikia. Ninyi mnaofuata video nawaambia hivyo hivyo: video ni nzuri, lakini haikusubiri, na bando linaisha. Kitabu kikae wazi pembeni, mkono uwe kwenye kibodi. Na ukimaliza sura moja, mtafute mtu mzima asiyejua lolote, mfundishe. Atakuuliza yale ambayo wewe unaona aibu kuuliza.

Basi siku ya mtihani wa marudio ikafika. Msimamizi alitoka nje ya wilaya, mama mmoja mkali asiyekunywa hata maji. Kazi ilikuwa moja: tengeneza ukurasa kuhusu kwenu. Nilikuwa siruhusiwi kuingia, nikabaki kwenye korido nafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Katikati ya mtihani nikasikia sauti ya Paskalina, wazi kabisa: "Samahani, mama. Swali la picha sijalielewa." Ufagio ukanitoka mkononi. Yule mama akasema, "Ngoja. Aa, kweli, picha zenyewe sijawapa." Akaziweka, wakaendelea wote.

Siku ile ilikuwa ya mnada pia. Alasiri, baba yake Paskalina akatokea langoni, shuka begani, fimbo mkononi, viatu vimejaa vumbi la ng'ombe. Sikujua kama amekuja kumpongeza au kumchukua, na nadhani hata yeye alikuwa hajaamua. Mkuu alimsalimia akamwambia tu, "Amefaulu, mzee. Ingia uone."

Akaingia. Paskalina akasimama, akamwamkia, akarudi nyuma kupisha. Mzee akainama mbele ya kioo akasoma taratibu, midomo inacheza. Juu kabisa palikuwa pameandikwa Nyumbani Getanuwas. Palikuwa na picha ya mlima, palikuwa na habari za mahindi na za ng'ombe, na jina la baba mwenyewe na ukoo wake.

"Nani kaandika?"

"Mimi, baba."

"Uliangalizia kwa mtu?"

"Hapana, baba."

"Na mtu akitaka kuongeza neno?"

"Anaongeza."

"Mama yako hayumo."

Paskalina akakaa. Akafungua alama, akaandika jina la mama yake, akafunga, akahifadhi, akafungua ukurasa upya. Jina likatokea chini ya jina la baba. Mzee akalitazama kwa muda, akaligusa kwenye kioo kwa ncha ya kidole, na hakuna aliyemkataza. Kisha akatoa simu yake ndogo kwenye mkunjo wa shuka, akapiga nyumbani, akaongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe wa mbali.

"Mama Paskalina! Unanisikia? Mwambie Anna afue nguo zake. Jumatatu namleta chuo."